Koplo Bernadeta na Chumba cha Miguu

Kambi yetu, mbele kidogo ya Kisesa, ilikuwa na afya ya kupigiwa mfano. Miaka yote niliyoshona buti pale, hakuna askari aliyewahi kuugua ugonjwa wa zinaa. Waliugua malaria, kichwa na mgongo, basi. Sababu yake ilikuwa rahisi: kila asubuhi mgonjwa alitoka mbele ya paredi, akasimama wima, akataja ugonjwa wake kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Sasa wewe jaribu kupaza sauti, "Kisonono, afande!" mbele ya kikosi kizima na wapishi wake.

Chumba cha kupima virusi vya Ukimwi nacho kilikuwepo, tena kimepakwa rangi nzuri. Mlango wake ulitazama kantini. Aliyeingia humo hata kuuliza saa, akitoka alikuta kantini wameshamzika na matanga yanaendelea. Kondomu ziliwekwa kwenye boksi pale getini, ambapo kila askari alikuwa huru kabisa kuzichukua huku walinzi wote wakimtazama.

Ndipo akaletwa Koplo Bernadeta, muuguzi, mzaliwa wa Ukerewe. Mwanamke mfupi, mkali, aliyelelewa na bibi yake mwanika dagaa, na mpaka leo hawezi kuona kitu kimeanikwa vibaya akanyamaza. Alisema aliingia jeshini kutafuta mahali penye utaratibu. Utaratibu aliukuta.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa askari Machibya, ambaye paredini alitangaza mgongo. Bernadeta alipofunga mlango na kumhoji, mgongo ukaonekana uko mbele. Kijana alikuwa akinunua vidonge vya kubahatisha kwenye duka la dawa Kisesa kwa miezi, mpaka kukojoa kukawa kilio. Mkewe alikuwa nyumbani Magu, mjamzito, naye hajui lolote. Bernadeta alinisimulia haya baadaye, kwa ruhusa ya Machibya mwenyewe, na hata siku hiyo hasira ilikuwa bado haijamtoka.

Alikwenda kwa mkuu wa kikosi, Kanali Alexander, kuomba chumba cha faragha.

"Koplo," Kanali alimjibu, "jeshi langu halina magonjwa hayo."

"Ndiyo, afande."

Wiki iliyofuata akarudi kuomba chumba cha kutibia miguu. Hapo Kanali alifurahi sana, kwa kuwa miguu haina aibu. Akampa stoo iliyokuwa jirani na karakana yangu.

Basi kambi ikaingiliwa na janga la miguu. Machibya alikuwa wa kwanza, na siku ya pili alimleta mkewe, naye miguu ikimsumbua ghafla. Wakapimwa wote wawili, wakatibiwa, na mtoto akazaliwa salama. Habari zikaenea kimyakimya. Walioonekana hawana virusi walipewa dawa za kinga, wenye virusi wakaanza dawa zao, na kila kopo la vidonge likafichwa ndani ya kopo la poda ya miguu, limezungushiwa pamba lisitoe sauti siku ya ukaguzi wa vitanda.

Mimi nilikuwa nawaona wanaingia wakichechemea na kutoka wakitembea vizuri. Buti zao zilipita mikononi mwangu, kavu, hazinuki hata kidogo. Nikaenda kumuuliza.

"Koplo, hiyo ni miguu gani?"

"Mzee Bilali, shikamoo. Unataka jibu au unataka kupima?"

Nilipima. Nikapata na jibu.

Tatizo la kufanikiwa jeshini ni kwamba wakubwa wanaona. Taarifa ya robo mwaka ikasema miguu imeongoza kuliko malaria. Kanali akatuita ofisini, mimi na Bernadeta. Buti zangu zilikuwa mezani, zimekatwa katikati.

"Fundi, umeniozeshea kikosi! Ijumaa askari wote watavua buti uwanjani. Nitakagua miguu mimi mwenyewe, wa chumba cha Koplo wakiwa mstari wa mbele."

Nikaiona hiyo Ijumaa. Safu nzima ya miguu mizima, na mkubwa anauliza, sasa ninyi mlikuwa mnatibiwa nini? Bernadeta alisimama wima, macho ukutani. Ningeweza kuthibitisha kwamba buti zangu ni nzuri. Babangu alishona viatu Mwanza hii, na babu kabla yake, na hakuna aliyewahi kuambiwa neno. Roho iliniuma kweli.

"Hakuna haja ya kukagua, afande," nikasema. "Ni gundi yangu. Nilinunua mbovu."

Bernadeta alifumba macho. Kanali alinitukana vizuri, kwa mpangilio, na paredi ya miguu ikafutwa. Mimi nikahamishiwa nyuma ya jenereta. Mke wangu Mwanvua alikwenda sokoni Kisesa akaulizwa kama yeye ndiye mke wa yule Fundi Uozo, na jioni hiyo hakunipa chai. Sikuweza kumweleza. Chumba cha miguu kiliendelea na kazi.

Baada ya miezi mitatu hivi, Kanali alirudi kutoka kozi ndefu ya Dar es Salaam. Asubuhi moja akaja nyuma ya jenereta, peke yake, akanyoosha mguu. Amevaa buti zake za ng'ambo, zile asizoruhusu mtu kuzishika.

"Fundi. Hizi nazo ulizitia ile gundi yako?"

"Hapana, afande. Sijawahi kuzigusa."

Akatazama huku na huku. Uso ulikuwa umemshuka, na nilimhurumia, nisiseme uongo.

"Sema umezigusa."

Nikakumbuka chai yangu. Nikakumbuka pia Koplo alivyofumba macho.

"Nimezigusa, afande," nikasema. "Zote mbili."

Akashukuru kwa kichwa, akashika njia kuelekea kwa Bernadeta. Mpaka kwenye mlingoti wa bendera alichechemea mguu wa kulia, halafu akaendelea na wa kushoto. Askari waliokuwa kwenye benchi nje ya chumba cha miguu walisimama kupiga saluti. Akawaambia wakae, akaketi mwishoni mwa benchi, akasubiri zamu yake.