Visigino vyangu msibani

Tarehe tisa Juni nilimpoteza mume wangu. Damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni. Daktari alinieleza kuwa mshipa wenye afya huyeyusha wenyewe mabonge madogo ya damu, ila mshipa mgonjwa hupungukiwa na nguvu hiyo. Nikamuuliza wangu ni upi. Akasema hawezi kujua kwa kunitazama, bali nisikae sana bila kusogeza miguu.

Lakini mfiwa hukaa kwenye mkeka. Nilikaa hapo nyumbani Mkolani, kila kigimbi kikivuta nikiwaona wanangu wamebaki yatima.

Kesho yake baada ya mazishi niliaga kama naenda chooni, nikajificha nyuma ya jiko. Nikashika ukuta, nikawa nainua visigino na kushusha. Mbele ya nyumba kwaya ilikuwa inaimba. Sikutambua kwamba miguu yangu imeshaufuata mdundo, na kiuno nacho kimeingia.

"Mama Neema!"

Alikuwa mama mkwe, na wifi zangu wawili nyuma yake.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Mwanangu tumemzika jana, leo unacheza?"

"Sichezi, mama. Nayeyusha damu."

Wifi mmoja akaziba mdomo. Nikaeleza yote, maneno ya daktari na hofu yangu kwa watoto. Mama mkwe akaitazama miguu yake, iliyovimba tangu safari ya kutoka Nansio. Akawafukuza wifi zangu, akaja kushika ukuta kando yangu.

"Naanza na mguu upi?" akauliza.