Sakafu ya Jiko la Dada

Fundi alikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: kabla ya kubandika kigae, mwaga maji sakafuni. Yakinywea, paka gundi. Yakisimama matone matone kama jasho, sakafu ina mafuta au nta, na gundi haitashika hata uikandamize kwa magoti na sala. Chukua patasi, kwangua mpaka saruji yenyewe ionekane.

Kwa miaka ishirini na sita aliwakatalia wenye nyumba wenye haraka. "Mama, mimi sipaki poda uso usiooshwa," aliwaambia, nao walicheka na kusubiri.

Sharti hilo alilivunja mara moja tu, jikoni kwa dada yake mkubwa, yule aliyemlea. Sakafu ile dada aliisugua kwa nta nyekundu kila wiki tangu ujana wake. Fundi alimwaga maji, matone yakasimama. Lakini keshoye alitakiwa kuanza kazi kwenye hoteli, na kukwangua kungechukua siku mbili. Akajisemea kwamba wa nyumbani halalamiki. Hapo ndipo watu wengi wema wanapoharibikia: uaminifu wanaupeleka kwa wageni, nyumbani wanaleta makombo. Akapangusa kwa tambara, akakoroga gundi ya vigae vya ukutani, isiyohimili kukanyagwa, iliyobaki kwenye kazi nyingine, akabandika.

"Mdogo wangu, sasa nitapika nimevaa viatu vya harusi!" dada alifurahi.

Mwezi wa nne baada ya hapo, kigae cha mlangoni kikaanza kulia ko-ko kikikanyagwa. Fundi alikisikia alipokuja kula.

"Hiki nacho kina nini?" dada aliuliza.

"Kinajizoesha tu."

Wiki iliyofuata kiliteleza chini ya mguu wa dada akiwa amebeba sufuria. Akaanguka, goti likavunjika.

Hospitalini dada ndiye aliyembembeleza. "Usinune, bwana. Uzee huu! Macho yanatangulia, miguu inabaki."

"Dada, si miguu yako. Niliiona ile nta. Nilijua."

"Ulijua siku ya kubandika?"

"Nilijua."

"Na uliposema kinajizoesha?"

Dada akageukia ukutani. "Wateja wako wana bahati," akasema.

Siku hiyohiyo fundi alikwenda kuving'oa vigae vyote. Vilibanduka kwa mkono mtupu, migongo yake imejaa wekundu wa nta. Akakwangua siku mbili, zilezile alizozikimbia, akabandika upya kwa gundi inayofaa.

Goti la dada halikukunjika tena. Hadi leo hupika ameketi kitini, mguu umenyooshwa, juu ya sakafu isiyo na kasoro.