Chumvi Iliyogoma Kuwasha Glopu

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Temeke. Enzi hizo za Mwingereza nilifundisha sayansi darasa la watu wazima, na siku moja mkaguzi alikuja kuamua kama lifungwe.

Niliapa glopu itawaka. Niliunganisha betri za tochi, glopu na nyaya, nikatumbukiza ncha mbili kwenye glasi ya maji, kisha nikatia vijiko viwili vya chumvi kutoka kwenye kopo nililotoka nalo nyumbani.

“Atomu ya sodiamu humpa klorini elektroni moja,” nilitangaza. “Zote zinakuwa ayoni, zinashikana, ndiyo chumvi. Ndani ya maji zinaachana na kupitisha umeme. Tazameni!”

Glopu kimya.

Nikakwangua nyaya. “Ndani ya shaba elektroni huzurura zitakavyo, kwa hiyo waya hauna kosa,” nilisema, jasho likinitoka. Nikabadilisha betri. Nikaongeza vijiko vinne, nikakoroga mpaka maji yakawa mazito. Mkaguzi akatazama saa, mie nikazidi kukaza: “Sayansi haidanganyi, bwana!”

Hapo Bi Zuhura, mpishi wa hoteli aliyekaa benchi la mbele, akanyoosha mkono.

“Samahani, mwalimu. Mbona chumvi yako imejaa sisimizi?”

Nikachungulia kopo. Lilikuwa la sukari ya mke wangu.

Mkaguzi alichovya kidole kwenye glasi, akalamba, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika kwamba darasa liendelee, maana wanafunzi wake wana macho.