Keki ya Boksi na Kibuyu cha Nduguti

Mimi ni fundi seremala, na miaka yote niliyoishi Mandewa nimejisifu kwamba jikoni sijui hata chumvi inakaa wapi. Nilijisifu kwa sauti. Marehemu mke wangu alinisikia akiwa huko huko jikoni, anacheka, anasema haya fundi, kaa basi uletewe. Nililetewa. Majigambo yale nimekuja kuyalipia mwaka huu, nimepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, unga wa keki umenijaa mpaka kwenye nyusi.

Aliyeniponza ni binti yangu. Zilibaki wiki tatu kabla ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, aliponifuata karakana, akaniamkia, akakaa juu ya benchi langu kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo. Keki kubwa ya ghorofa alishaiagiza mjini, hiyo ni ya kupigia picha. Lakini ile ndogo, ambayo binti anawalisha wazazi wake mbele ya watu kabla hajaondoka nyumbani, aliitaka iwe keki ya mama yake. Nikamwambia mama yako huu ni mwaka wa pili yuko kaburini, hiyo keki tutaitoa wapi? Akawa anachezea maranda ya mbao kwa kidole.

"Kwenye kiti cha mama siku hiyo atakaa mtu mwingine, baba," akasema. "Nikiionja keki yake, nitajua na yeye amenisindikiza."

Wewe ungesema nini? Mimi nikasema nitaipika mwenyewe.

Nilidhani ni kazi ndogo, maana keki yenyewe ilikuwa ya boksi. Kila mtoto alipotimiza mwaka, mke wangu alinituma mjini kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ninunue boksi la unga wa keki, ule ulioandikwa ongeza maji, mafuta na mayai mawili, basi. Maelekezo yale alikuwa hayafuati. Alisema aliyeyaandika hajawahi kupata wageni. Mayai akaweka manne ya kuku wetu wa kienyeji, mafuta akaweka ya alizeti, akamimina asali ya Mgori, na mahali palipoandikwa maji akaweka maziwa mgando. Haya yote tuliyaona kwa macho. Basi nikanunua boksi, nikakunja mikono ya shati.

Keki ya kwanza iliungua chini na juu ikabaki uji, kwa sababu nilijaza mkaa wote chini, sikujua kwamba na juu ya mfuniko unawekwa. Ya pili iliiva. Binti akaionja, akatafuna polepole.

"Ni tamu, baba," akasema, kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa kwamba leo ana nafuu. "Ila siyo yenyewe."

Nikaongeza asali. Siyo yenyewe. Nikaacha maziwa ya pakiti, nikanunua mgando wa ng'ombe kwa jirani. Siyo yenyewe. Nikapunguza mafuta, nikazidisha mayai, nikamgombeza binti kwamba labda ni ulimi wake umebadilika kwa kukaa na watu wa mjini, nikamwomba radhi jioni yake. Keki zilizoshindwa waliambulia kuku, wakazoea, ikawa nikiwasha jiko tu wamejipanga mlangoni wananitazama. Nikiwafukuza wanarudi.

Zilipobaki siku tisa nikameza kiburi changu, nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anayeishi kwao Nduguti. Kwao ni watu wa ng'ombe. Huyu mama hajawahi kuniheshimu hata siku moja, huniita mume wangu mbele za watu na kudai kitenge, ndivyo mashemeji tulivyo. Alifika kesho yake, akacheka mpaka akakaa chini alipowaona wale kuku. Akaonja kipande. Akauliza mayai, akauliza mafuta, akauliza maziwa. Halafu akauliza kibuyu cha dada yake cha kugandishia maziwa kiko wapi.

Nilikileta kwa majivuno. Kilikuwa kimetundikwa ukutani, kisafi, ndani cheupe. Shemeji akakifungua, akaingiza pua kwenye mdomo wa kibuyu. Utani ukaisha usoni mwake.

"Nani amekiosha hiki?"

Nikamwambia ni mimi. Baada ya arobaini nilisafisha nyumba nzima, nikakikuta kile kibuyu cheusi ndani, kinanuka. Nikakiloweka siku mbili kwenye maji ya sabuni ya unga, nikaingiza waya wa kusugulia masufuria nikakisugua, nikakianika juani. Nilidhani namtunzia mwenzangu kitu chake. Kila nilipokipita ukutani nilikuwa naridhika.

Shemeji hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza taratibu kwamba kibuyu cha maziwa kwao hakiguswi na sabuni. Kinasuuzwa kwa maji ya moto, kisha kinafukizwa: unachoma kijiti cha mgunga, unakitia ndani kikiwa bado kina moto, unatikisa mpaka moshi na masizi vishike. Ndipo maziwa yanamiminwa yagande humo. Na dada yake hakuwahi kupika keki kwa maziwa mengine.

Habari ya ule moshi naijua. Kwetu tulikuwa wakulima, maziwa tuliyapata ya kuomba na tukayanywa kutoka kwenye sufuria, kwa hiyo tangu siku ya kwanza mke wangu aliponipa kikombe cha mgando wake nilikisukuma. Maziwa yako yananuka moshi, nikamwambia. Nilimwambia hivyo miaka na miaka. Mwisho akawa ananichemshia ya kwangu peke yake, hasemi kitu, na mimi nikadhani nimeshinda. Kumbe moshi wote nilikuwa naula kwenye keki.

"Alikuwa anatusimulia," shemeji akasema. "Fundi hapendi moshi, na ndiye anayelamba sufuria ya keki."

Nilikwenda karakana nikafunga mlango, nikalia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile watu walinishika. Nililia kwa sababu mke wangu aliniachia kitu kimoja chenye harufu yake, na mimi nimemfuta kwa sabuni ya unga.

Shemeji akagonga. Akasema kulia hakufukizi kibuyu, nitoke nikatafute mgunga.

Tulikifukiza asubuhi na jioni kwa siku tano. Alitaka kufanya yeye, nikakataa, nikamwambia anielekeze tu. Niliungua vidole viwili. Siku ya kwanza kibuyu kilinuka sabuni iliyoungua, nikakata tamaa kabisa. Siku ya tatu sabuni ikaanza kukubali kushindwa. Siku ya tano niliingiza pua humo nikasimama nayo muda mrefu, shemeji akajifanya ana kazi nje. Tukamimina maziwa, yakakaa siku tatu. Nilipoyamimina kwenye unga wa boksi yalikuwa na rangi ya majivu kidogo na vijidoa vyeusi. Sikuyachuja. Binti sikumwonjesha, niliogopa.

Ukumbini mshereheshaji akatuita wazazi mbele. Shemeji akakaa kwenye kiti cha dada yake. Binti akamlisha yeye kwanza, kisha mimi, nikameza bila kutafuna vizuri kwa woga. Halafu ikawa zamu yangu kumlisha binti. Mkono huu unaoshika patasi siku nzima bila kukosea ulikosa mdomo wake, nikampaka krimu puani, watu wakacheka.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Mshereheshaji anahimiza vigelegele, muziki unapiga, yeye kafumba macho, na mimi namtazama midomo tu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Baba," akasema, "inanuka moshi."

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Nikamwambia ndiyo mwanangu, inanuka. Nikamkatia kipande kingine.