Boneti Iliyopakwa Mafuta

Jumamosi iliyopita nilikwenda Rissne, pembeni mwa Stockholm, kumsaidia mama kuhama. Kama umewahi kumhamisha mama wa Kikongo, sina haja ya kukueleza: sufuria za kutosha harusi nzima, mabegi ya vitenge ambavyo havijawahi kuonja sindano, na kila unachokishika unaambiwa, "Usitupe, hicho kitafaa." Tulipomaliza juu tukateremka chini ya jengo, kwenye kile kichumba cha wavu ambacho kila mpangaji hupewa aweke mazagazaga yake. Huko, nyuma ya skii za kutelezea thelujini ambazo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuzivaa akatamani kurudia, binti yangu akavuta boksi la viatu. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, hiki ni kitu gani.

Ndani mlikuwa na gari. Gari la spoti la Kimarekani, dogo la kutosha kwenye viganja viwili, jekundu, pua ndefu, milango miwili. Na katikati ya boneti, doa la ukubwa wa dole gumba, halina rangi hata chembe. Nikakaa juu ya boksi la sufuria nikalia. Binti yangu alidhani nimeumia mgongo.

Ngoja nikuhadithie, rafiki yangu, kisha uniambie kama wewe usingelia.

Mimi nilikuwa mtoto wa ufunguo shingoni. Baba alikuwa anaendesha basi, mama anahudumia wazee majumbani mwao, zamu zao zinapishana mlangoni. Nikitoka shule nilijifungulia mwenyewe, nikawasha taa zote na televisheni, nikala mkate na jibini nimesimama. Halafu akaja mama yake baba, kutoka Bukavu. Sisi bibi tunamwita Koko. Tangu siku hiyo sikugusa tena ule ufunguo. Nikikanyaga tu ngazi za ghorofa yetu, mlango unafunguliwa kutoka ndani, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na mawese inanipokea kabla ya yeye mwenyewe. Mswidi wa mlango wa pili naye alikuwa anafungua mlango wake, ananusa, anafunga. Mpaka leo sijui alikuwa anafurahi au anakasirika.

Shida ni kwamba Koko hakupapenda. Kwao alikuwa msusi. Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wamepita katikati ya magoti yake. Hapa nguo zinafuliwa na mashine, vyombo vinaoshwa na mashine, maji yenyewe yanatoka bombani yamekwisha chemka. "Mikono isiyo na kazi inazeeka kabla ya mwenyewe," alikuwa anasema, akijitazama vidole. Basi Jumapili moja baada ya ibada, nyumba imejaa wageni, akatangaza: theluji ikiisha, narudi kwetu. Na Koko, akishasema neno mbele ya watu, limesemwa. Hata angetaka kulirudisha, aibu isingemruhusu.

Wewe unajua watu wa Stockholm wanavyolisubiri jua. Mimi nilikuwa mtoto pekee katika Rissne nzima aliyekuwa anaomba Mungu theluji isiyeyuke. Kila asubuhi nilichungulia lundo lililokuwa kwenye baraza yetu kuona kama limepungua. Sikutaka kurudi kwenye ule ufunguo. Nilimpenda bibi yangu, na nilipenda kufunguliwa mlango.

Lile gari baba alipewa na mwenzake wa kazini, mmoja wa wale Waswidi wenye kichaa cha magari ya Kimarekani. Unawajua: baridi nzima wako chini ya gari gerejini, na jioni za kiangazi wanaendesha polepole kwa foleni, muziki juu, viwiko nje ya dirisha. Lilikuwa gari la kuunga mwenyewe, vipande vimejaa boksi. Baba akaniahidi tutaliunga Jumamosi. Jumamosi akaitwa zamu. Jumamosi iliyofuata, zamu tena. Boksi likakaa juu ya friji mpaka Koko akachoka kulitazama.

"Kwani hii motokari inamngoja askofu aje aibariki?" akauliza. Akapanda kiti, akaliteremsha.

Maelezo yake yalikuwa picha na namba tu, hakuna maneno, kwa hiyo hatukumhitaji mtu wa kututafsiria. Koko alivitazama vile vipande vinavyoning'inia kwenye fremu zake za plastiki, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bon. Ni kama kichwa," akasema. "Kwanza unagawa." Akagawa: injini kwenye kifuniko cha sufuria, magurudumu kwenye kisahani, usukani na viti kwenye kikombe cha chai. Tulikata kwa kimkasi cha kucha, tukalainisha kwa tupa ya kucha. Pale ambapo vipande vilitaka kushikiliwa mpaka gundi ikamate, Koko alitoa uzi wake mweusi wa kusukia nywele, akafunga. Injini ililala imefungwa nyuzi kama bi harusi wa kesho. Mimi nilikaa chini katikati ya magoti yake, mahali pangu pa kusukwa, nikimshikia. Dirisha tuliliacha wazi kwa ajili ya harufu ya gundi, baridi inatupiga, na yeye anaimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Alinuna mara moja tu, alipoona viti. "Watu wawili peke yake? Hawa Wamarekani hawana mashemeji?"

Katika kufunga hizo nyuzi ndipo aliponipa sheria yake. Kichwa hakiachwi nusu. Hata mvua ing'oe bati, hata mteja mwenyewe aanze kulia, msusi haondoki mpaka amalize, maana mtu akitembea mjini na kichwa nusu, aibu ni ya msusi.

"Na gari je, Koko?"

"Na gari pia. Kazi ni kazi, mama."

Ahaa! Kuanzia hapo haraka yote ilinitoka. Nikawa mtu wa "hapa pamekwaruza, Koko, turudie," na "gurudumu hili limepinda kidogo." Lakini vidole vyake havikujua kuchelewa. Lundo la barazani lilikuwa limebaki kitonge kichafu, na gari lilikuwa limebakiza rangi tu.

Siku ya rangi nilirudi shule nikamkuta mlangoni anatabasamu meno yote. "Njoo uone," akasema, "nimekuandalia mwenzako." Sasa, hapa inabidi ukumbuke jinsi sisi tulivyolelewa. Hakuna mtoto wa Koko aliyetoka nje na miguu imepauka. Alinikamata ukumbini na kopo la mafuta ya mgando, akanipaka uso, magoti, viwiko, mpaka nikang'aa ndipo nikaruhusiwa kuvaa koti. Na plastiki ya lile gari ilikuwa ya kijivujivu. Imepauka! Itapakwaje rangi imepauka vile? Basi akaliosha, akalipaka mafuta ya mgando kuanzia boneti mpaka buti. Lilikuwa linameremeta kama mtoto wa ubatizo.

Nami, kwa ujinga wangu, nikaona ni sawa. Tukatoka barazani, nikapuliza ile rangi ya kopo ambayo baba alinunua. Weee! Rangi ilikataa. Ilijikusanya matone matone, ikateleza kama maji kwenye jani la yugwa, ikachuruzika mpaka sakafuni, ikapita kwenye upenyo, ikaenda zake chini. Mimi nikapiga yowe. Koko akaziba mdomo. "Yesu wangu," akasema, "nimemuua."

Kabla hatujajua la kufanya kengele ikalia. Alikuwa jirani wa chini, mzee wa Kiganda aliyekimbilia Sweden enzi za ujana wake, Mwislamu mpole, amevaa kanzu nyeupe kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Begani, matone mekundu.

"Nani ananichinjia kuku juu ya kichwa?" akauliza.

Koko akamwonyesha gari. Mzee akaligusa, akanusa kidole, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaomba kiti. "Mama," akasema akifuta machozi, "mafuta anapakwa mtoto. Gari hapana." Halafu akatufundisha: tulioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki, likauke, tusilishike tena kwa mkono mtupu. Hata mafuta ya kidole rangi haiyataki.

"Hata kidole?" Koko akauliza.

"Hata kidole."

"Kidole kimoja tu?"

"Hata kimoja, mama."

Kanzu aliifua Koko mwenyewe, kwa mkono, akakataa mashine. Alipoirudisha chini, mimi nyuma yake, akakaa huko kunywa chai, na mke wa yule mzee alipotusikia tukisimulia jinsi injini ilivyofungwa kwa uzi wa nywele, akauliza kama hiyo mikono bado inasuka watu.

Wiki iliyofuata theluji ikaisha kabisa. Mezani baba akajikohoza, akasema, "Mama, nimepata tiketi ya bei nzuri. Niikate?" Mimi nikaacha kutafuna.

Koko hakuinua macho. "Gari la mtoto halijapata rangi," akasema. "Unataka waseme niliacha kichwa nusu?" Baba akamtazama mama, mama akatazama sahani yake, basi yakaishia hapo.

Jumamosi nikaliosha gari mwenyewe, sabuni na mswaki, kila pembe. Nikamwachia Koko alilinde mpaka likauke. Mchana tukapuliza, mzee wa Kiganda yuko barazani kwake chini amefungua mwavuli, anatupigia kelele kama yuko mpirani. Safari hii rangi ilishika. Ilikaa vizuri ajabu, nyekundu tupu, isipokuwa pale katikati ya boneti. Doa. Nikataka kulia. Koko akarekebisha miwani, akainama, akafyonya. "Mh! Halijaisha hili," akasema, wala hakuonekana mwenye huzuni.

Tulirudia. Likabaki. Tukarudia tena, na kila mara ni yeye aliyesema, "Lete kwanza nipanguse." Baba akigusia tiketi, jibu ni doa. Doa likatufikisha kiangazi. Kufikia hapo jikoni kwetu palishakuwa na foleni: kwanza mke wa jirani, halafu dada zake, halafu wanawake wa Husby na Skärholmen waliosikia kwamba Rissne kuna mikono. Kiswahili cha Bukavu, cha Kampala, cha Mombasa, vyote vinagombana juu ya vichwa vya watu, na Koko katikati, chanuo mdomoni, anatoa amri. Theluji iliyofuata ilimkuta anasuka. Tiketi haikutajwa tena na mtu.

Amenilea mpaka nikamaliza shule, na amezikwa hapa hapa, chini ya misonobari. Yule mzee wa kanzu naye ametangulia. Baba hayupo. Jikoni kwetu sasa watapika watu wengine, na baraza ile imewekwa vioo, hakuna tena atakayemdondoshea jirani rangi. Vimekwenda vyote. Naviona vizuri bado, na nikivikumbuka nafurahi zaidi ya ninavyolia.

Lakini Jumamosi, chini ya taa ya kule chini, niliona nisichowahi kukiona utotoni. Ule si mchirizi wa mafuta uliosahaulika. Doa lina mistari. Ni dole gumba la mtu mzima, limegandamizwa wima, katikati kabisa, kwa makini, kwenye gari ambalo nilikuwa nimeliosha mimi mwenyewe. Aliyeuliza mara mbili "hata kidole?" alikuwa anataka uhakika. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naomba asiondoke. Kumbe tulikuwa wawili, ila mmoja wetu alikuwa amekwisha tangaza mbele ya watu.

Binti yangu alikuwa anageuza kopo la rangi kuukuu alilolipata kwenye boksi. Akauliza, Kiswidi tena, kama tulimalizie.

"Acha," nikamwambia. "Koko hakuwa mtu wa kuondoka akaacha kichwa nusu."

Alinitazama, akalitazama doa, akaweka dole gumba lake juu yake. Halikulijaza, dole lake bado ni dogo. Tulipofika nyumbani akatangulia ngazi mbio na ufunguo wake, mimi nyuma na boksi langu, nahema. Kwa mazoea nilianza kupapasa wangu mkobani, lakini nilipofika juu, mlango ulikuwa umekwisha funguliwa kutoka ndani.