Dada Yangu Katika Hatua ya Marudio

Mimi ni wa pili kubeba jina langu. Wa kwanza alilibeba miezi michache, akachukuliwa na homa. Nilipozaliwa nikapewa mimi, kwani jina la hawe, nyanya yetu mzaa baba, haliachwi chini. Nimekua nikilijua hilo kama mtu ajuavyo kwamba kanga aliyojifunga ilikuwa ya dada yake.

Riwaya ninazoandika hazijanilisha bado, kwa hiyo nilipata kazi katika ofisi ya utafiti mjini Kilifi. Wadodosaji huzuru nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kafa. Majibu huingia kwenye mfumo wa kompyuta unaoyasafisha hatua kwa hatua. Kazi yangu ilikuwa kuieleza kila hatua kwa maandishi, ili mtafiti mwingine akiirudia apate matokeo yale yale.

Hatua ya tatu ni ya kuondoa marudio. Mfumo ukikuta rekodi mbili zenye jina moja, jinsia moja, mama mmoja na nyumba moja, huamua kuwa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa makosa. Huziunganisha: hubakiza tarehe ya kuzaliwa iliyotangulia na habari iliyo mpya. Nikaijaribu kwa nyumba yetu, kule juu ya Kuruwitu, nyuma ya mashamba ya mkonge. Mama alionekana amezaa binti mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya dada yangu. Aliye hai nilikuwa mimi. Kifo hakikuwapo popote.

Nikamwita mhandisi aliyeunda mfumo, kijana wa bara, mcheshi, nikamweleza kwamba tulikuwa wawili wenye jina moja.

"Kwani huku Pwani majina yaliisha?"

"Hayaishi. Mtoto akifa, anayefuata hupewa."

Akacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akageukia skrini.

"Kanuni nitaiandika upya," alisema. "Lakini zilizokwisha kuunganishwa hatuzitenganishi hivi hivi. Mdodosaji arudi, mama aseme mwenyewe. Neno lako halitoshi, dada. Wewe ni mmoja wetu hapa ofisini."

Nilitaka dada yangu arudishwe. Hakuwahi kupigwa picha wala kujengewa kaburi. Angalau awe na mstari mmoja, tarehe mbili.

Niliruhusiwa kumsindikiza mdodosaji, kwa sharti nisiseme neno. Mama alikuwa uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akaniangalia. "Na wewe umekuja kunidodosa? Huniulizi hata nimekula nini?"

Mdodosaji akakaa kwenye kigoda, kompyuta ndogo mapajani. "Mama, watoto wenye jina hili ulizaa wangapi?"

"Mmoja."

"Hakuna mwingine aliyemtangulia?"

Mikono ya mama ikasimama. "Alikwenda, akarudi. Ndiye huyo umekuja naye. Unataka nimhesabu mara mbili, ili afe mara mbili?"

Mdodosaji akanitazama, nami nikatazama mchicha. Sharti lilikuwa sharti. Akabonyeza skrini, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Rekodi ikafungwa: imethibitishwa, mtu mmoja.

Tulipobaki wawili nikasema, "Mama, mimi si yeye."

"Nyamaza. Kuna sima jikoni."

Nikala. Ilikuwa imepoa. Nilijiuliza, kwa miaka yote hiyo, kila aliponiita, alikuwa akiita nani. Na mimi niliyekuwa nikiitika, nilikuwa nikimwitikia nani. Mashine haikukosea peke yake. Ilikuwa na mwenzake, na mwenzake alikuwa mama yangu.

Jua lilipopungua makali alichukua ufagio, akaanza uwanjani. Akafagia mbele ya mlango, akafagia ubavuni, akafika nyuma ya jiko, mahali pasipo jiwe wala msalaba, mchanga mtupu kama mchanga mwingine. Hapo ufagio ukapinda. Ukazunguka taratibu, mduara mdogo wa kumtosha mtoto mchanga, bila kugusa ndani yake, kisha ukaendelea hadi kwenye uzio.

Hakugeuka kuona kama namtazama.