Utafiti Niliousoma Upande Mmoja

Tangu wazazi watutoke, mimi ndiye mlezi wa mdogo wangu Mwanaidi. Niliacha shule darasa la sita ili yeye asome. Ana kifafa.

Hapa Moa tunalima mwani. Nilipopata karatasi ya utafiti isemayo unga wa mwani hupunguza kuanguka, nilijiona daktari. Nilificha vidonge vyake, nikamwambia vimekwisha hospitalini, nikamkorogea uji wa mwani.

"Dada, nipe hiyo karatasi nisome mwenyewe."

"Nani mkubwa humu ndani?"

Siku ya tisa alianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye makaa. Hospitalini nikamkabidhi daktari karatasi yangu kwa majivuno, benchi zima likisikiliza.

"Na nyuma umesoma, dada?"

Sikuwa nimeigeuza. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: "Washiriki wote waliendelea kumeza vidonge vyao kila siku."

"Vya mdogo wako viko wapi?"

Nikaitoa chupa ya vidonge kwenye kikapu nilimoificha. Ilikuwa bado imejaa.

Mwanaidi, mkono umefungwa bendeji, akaitazama. "Uliniambia vimekwisha, dada."